Ndoo Hairudi Tupu

Bomba la uani kwa Bi Hermelinda lilikuwa na tabia moja nzuri: halikuleta maji bila kukohoa kwanza. Kila Alhamisi, zamu ya mtaa wao, lilikohoa kama mzee aliyechelewa kanisani, likatema hewa, likatema kutu, kisha maji yakaja. Kwa hiyo Alhamisi ile ya kuamkia Sikukuu ya Msalaba, Bi Hermelinda aliweka kigoda karibu na bomba tangu alfajiri, akakaa akilisikiliza.

Nyuma yake, jikoni, masufuria makubwa ya mahindi yalikuwa yamekwisha kuchemshwa na chokaa, maganda yamelegea tayari. Mahindi ya namna hiyo hayana subira. Lazima yaoshwe kwa maji mengi, maji juu ya maji, mpaka chokaa yote itoke, ndipo yapelekwe mashineni kusagwa. Yakisagwa bila kuoshwa, chapati zake huchoma midomo. Yakiachwa mpaka jioni katika joto lile la mwisho wa kiangazi, huchacha, na hapo hata nguruwe huyasusa.

Na mahindi yale hayakuwa ya nyumbani. Yalikuwa ya kijiji kizima cha Santa Cruz Acahualco. Tangu enzi za mama yake, chapati za Sikukuu ya Msalaba zilitoka katika jiko lile, na kwa jina hilo watu walizinunua mwaka mzima. Nyumba ilikula kwa jina hilo. Mwenye kiwanda cha chapati za mashine, kule barabara kuu, alikuwa amekwisha kumwambia msimamizi wa sikukuu kwamba yeye yuko tayari wakati wowote. Wakishindwa mwaka huu, mwakani hakuna atakayekuja kuwauliza.

"Mama, ingia unywe kahawa," binti yake Maricruz alimwita kutoka jikoni. "Bomba haliji kwa kuangaliwa."

"Wala haliji kwa kunywa kahawa."

"Lakini na wewe! Unapikaje mahindi yote haya kabla ya kuona maji?"

"Nimepika hivyo tangu hujazaliwa. Maji ya kuamkia Msalaba hayajawahi kukosa."

Maricruz alimletea mama yake kahawa pale pale kwenye kigoda, na kipande cha mkate juu ya kikombe kisipoe. Bi Hermelinda aliliona hilo, na ingawa moyo wake ulikuwa umekunjika, alishukuru kimoyomoyo. Binti mwenye ulimi mkali na mkono mwema si hasara.

Jua likapanda. Bomba halikukohoa.

Bi Hermelinda akainua macho akaitazama nyumba yake. Chini alikaa yeye. Juu yake Maricruz na mumewe, dereva wa teksi. Juu yao mjukuu wake Uriel, mkewe Yesenia, na kitoto chao cha kike kilichokuwa kimeanza kukaa. Na juu ya yote, paani, nondo zilisimama zikisubiri ghorofa nyingine, kila moja imevikwa chupa ya soda kichwani isipate kutu. "Kila mtoto ghorofa yake," marehemu mumewe alizoea kusema. Naye alijua kujenga. Lakini hakusema kila ghorofa itapata wapi bomba lake. Hata birika la mvua alilolichimba ujanani walilifukia wenyewe, wakasimamisha juu yake nguzo ya kubebea ghorofa ya Uriel. Wakati ule hakuna aliyelilia. Bomba lilikuwapo, maji ya paa yalikuwa ya maskini.

"Yesenia, mwanangu," aliita. "Chukua ndoo. Twende uwanjani, huenda boza la maji limefika."

*

Boza lilikuwa limefika, na kijiji chote kilikuwa kimefika kabla yao. Foleni ilizunguka kanisa. Mzee Eleuterio, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisimama kando ya mpira wa maji na kofia yake mkononi, midomo imemkauka kama ya wengine wote. Hakuwa mtu mbaya. Yeye na Bi Hermelinda walisoma darasa moja, na hata siku ile alikuwa amewapisha wenzake, ndoo zake mwenyewe ziko tupu pembeni.

"Leuterio, nisaidie," Bi Hermelinda alimwambia zamu yake ilipofika. "Nina mahindi ya sikukuu kwenye chokaa. Yatachacha."

"Ndoo mbili, Linda. Kila bomba ndoo mbili."

"Bomba ni moja, lakini nyumba yangu sasa ni nyumba tatu zimebebana."

"Kwenye kamati ni bomba moja." Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka na watu walikuwa wanamtazama, akaongeza kwa sauti, "Si mngezaa kidogo!"

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Bi Hermelinda alihisi masikio yakimwaka.

"Tangi la juu limekauka mpaka vyura wamehama," Mzee Eleuterio aliendelea, sasa akihutubia foleni nzima. "Maghorofa mapya ya kule chini yamechimba kisima kirefu, sisi tunanyonya matope. Na hao wakuja wa korongoni nao kila siku wanaongezeka. Wanazaana kama sungura! Hiki kijiji kitabeba wangapi?"

Yesenia alikuwa ameinama akiweka ndoo chini ya mpira. Alizaliwa korongoni. Mama yake na kaka zake walikuwa huko mpaka leo. Hakuinua kichwa. Bi Hermelinda aliona tu shingo yake ikibadilika rangi.

Dereva wa boza, kijana mnene ambaye hakumjua mtu yeyote pale, aliufunga mpira taratibu mno kwenye ndoo ya pili. Ndoo ikajaa pomoni, ikamwagikia ndani ya sufuria ndogo ambayo Yesenia alikuwa ameishika. Alipotupiwa jicho, alijifanya anapiga chafya. Bi Hermelinda alimwombea baraka kabla hata ya kumwambia asante.

Njiani, ndoo kichwani, aliongea akitazama mbele. "Usimsikilize yule."

"Nimezoea, bibi," alisema Yesenia.

Neno hilo lilimchoma Bi Hermelinda kuliko kicheko cha foleni nzima. Mtoto wa watu ameolewa nyumbani kwake, amemzalia kitukuu, anambebea maji, na amezoea.

Walitembea kidogo. Kisha Yesenia akasema, kama anayeomba radhi, "Bibi, kwa mama yangu kuna maji."

"Korongoni? Kule hakuna hata bomba moja."

"Ndiyo maana," alisema Yesenia.

*

Tangu harusi, Bi Hermelinda hakuwahi kushuka korongoni. Wakwe walipanda wao, na vikapu vyao, siku za ubatizo na siku za kuzaliwa. Yeye alisingizia magoti. Ni kweli magoti yaliuma, lakini kila Ijumaa yalimfikisha sokoni bila malalamiko.

Siku hiyo alishuka, amemshika Yesenia bega, njia imejaa changarawe na mizizi. Nyumba za korongoni zilishikilia ukingo kama kuku waliojipanga tawini kulala. Na juu ya kila paa la bati aliona jambo ambalo kutoka juu hakuwahi kuliona: mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa katikati yakazungushwa kama pindo la nguo, yote yakielekea kwenye mapipa. Mapipa yalifunikwa vitambaa na kufungwa kamba, safi kama masufuria ya kipaimara. Nyuma ya nyumba ya Zenaida, mama yake Yesenia, kulikuwa na tangi zima la saruji ambalo wanawe walilijenga kwa mabaki ya saruji kutoka kazini.

Zenaida alitoka akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya kucheka hata mdomo ukiwa umefungwa.

"Karibu, mkwe! Magoti yamepona?"

"Hayajapona. Shida ndiyo imeyatibu."

Zenaida akaangua kicheko, akamvutia kiti kivulini, akampa glasi ya maji. Bi Hermelinda aliishika glasi ile kwa mikono miwili. Yalikuwa maji baridi, yenye ladha ya bati kwa mbali. Alijua amepewa nini. Mwisho wa kiangazi, mtu anayekupa glasi iliyojaa amekukatia nyama ya pajani mwake.

Alieleza habari ya mahindi. Hakupamba. Zenaida alimsikiliza, kisha akaondoa kifuniko cha tangi, wakachungulia wote wawili. Maji yalikuwa chini kabisa, meusi na matulivu.

"Ni machache," Bi Hermelinda alisema, akarudi nyuma. "Hapana, mkwe. Haya ni ya kwenu."

"Hapa kwetu maji hayalali bila kazi. Yanaoga mtoto, yanafua nguo, yanapiga deki, ndipo yanaruhusiwa kwenda kulala kwenye ile mipungate ya miiba. Yanatutosha kidogo."

"Na mvua ikichelewa?"

"Tutapanda kwenu kula chapati zilizobaki."

"Basi nikulipe. Boza linauza kwa peso ngapi siku hizi?"

Uso wa Zenaida ukakosa kucheka kwa mara ya kwanza. "Mkwe, ukinilipa nitakuwa boza. Mimi ni bibi wa mtoto wenu." Kisha akageuka akapaza sauti, "Abundio! Nabor! Leteni punda. Na ndoo, zote! Na majirani waambieni!"

Wanawe wawili walitoka, waashi wenye saruji kwenye kope. Walikuwa wanatengeneza msalaba wa mbao wa kusimamisha kwenye jengo lao, maana Msalaba ni siku ya waashi pia, lakini waliuacha. Ndoo walizoleta zilikuwa ndoo za rangi, zile kubwa zenye vifuniko, kila moja na matone ya rangi yake: waridi, kijani cha limau, njano ya yai.

"Hii ya waridi ni ya maghorofa ya kule chini," Abundio alieleza akizijaza. "Nabor na mimi tulipaka ghorofa zote."

"Ninyi ndio mliyajenga?" Bi Hermelinda aliuliza. "Yale yanayokunywa maji yetu?"

"Sisi, bibi. Na tulipomaliza, mlinzi alitukataza hata kunawa mikono."

Alisema akicheka, na Nabor akacheka, na Bi Hermelinda hakujua acheke au alie. Alishika mpini wa ndoo ya waridi. "Ndoo zenu hazitarudi tupu," alisema.

"Aa, tunajua!" alisema Zenaida. "Huko juu hamna adabu nyingi, lakini hiyo mnayo."

*

Uani kwa Bi Hermelinda, mahindi yalioshwa. Maricruz alipotaka kumwaga maji ya kwanza mferejini, Zenaida alimshika mkono kama anayemzuia mtoto na moto.

"Usimwage! Hayo yana chokaa. Yapake kwenye mashina ya miti, sisimizi hawatapanda. Ya pili pigia deki uani. Ya mwisho ni ya chooni."

"Mkwe, wewe ungekuwa waziri," alisema Maricruz.

"Ningekuwa waziri ningekuwa na bomba, nami ningemwaga kama wewe."

Walicheka mpaka kitoto kikacheka bila kujua sababu. Uriel alipeleka mahindi mashineni kwa toroli na kurudi na donge jeupe lenye joto. Kisha mikono ikaanza kupiga, pa-pa-pa, wanawake wanne kuzunguka kaango pana, moshi ukitafuta macho ya kila mmoja kwa haki. Zenaida, aliyezaliwa pwani ya mbali, alizipiga chapati zake pana na nyembamba.

"Hizo ni chapati au shuka?" Bi Hermelinda alimtania.

"Na hizo zako ni chapati au vifungo vya koti?"

Yesenia alikuwa kati yao. Bi Hermelinda aliona kwamba binti yule, ambaye katika nyumba ile siku zote aliongea kama anayeomba chumvi, siku hiyo aliongea kwa sauti yake kamili. Alimsahihisha hata Maricruz kuhusu moto. Bi Hermelinda alimsogezea kigoda kilicho kizuri zaidi.

Jioni ilipoingia, vikapu vilijaa na kufunikwa vitambaa vilivyotariziwa. Ndoo za rangi zilibaki zimepangwa ukutani, tupu. Bi Hermelinda alizitazama, akavitazama vikapu. Akizijaza ndoo zote chapati kama adabu inavyotaka, sikukuu itapungukiwa. Akizirudisha tupu, mama yake atageuka kaburini. Alikaa na jambo hilo mpaka kahawa ikapoa, na hakuna aliyeipasha moto.

*

Sikukuu ya Msalaba, fataki zilipasuka tangu asubuhi. Misalaba ya maua ilisimama kwenye tangi kavu, kwenye chemchemi iliyobaki jina tu, na kwenye kila jengo ambalo halijamalizika. Uwanjani, chini ya turubai, meza zilitandikwa, na masufuria ya mchuzi mzito wa pilipili na bata mzinga yakafunuliwa. Desturi ya Santa Cruz ilijulikana: anayekaa mezani ni aliyechanga. Watu wa korongoni hawakuchangishwa, kwa hiyo hawakukaa. Walisikia fataki kutoka chini.

Vikapu vya Bi Hermelinda viliingia, na watu wakanusa, wakafurahi. Mzee Eleuterio alikuwa wa kwanza kukunja chapati moja kavu, bila mchuzi, kama alivyofanya kila mwaka.

"Linda," alisema mdomo umejaa, "nilijua hutatuangusha. Za mwaka huu ni laini kuliko zote." Akashusha sauti. "Na jana... foleni ile ilinitoa akili. Usiniwekee kinyongo."

"Sikuwekei. Mle vizuri."

Ndipo wakatokea, wakipanda kutoka upande wa makaburi: Zenaida na gauni lake la kanisani, Abundio, Nabor, wake zao na watoto wao, na majirani waliotoa maji yao pia, Yesenia mbele yao na kitoto mgongoni. Walisimama nje ya turubai. Hawakuvuka kamba. Sauti za uma na vijiko zikapungua.

Mzee Eleuterio akainuka. "Bi Linda. Umewaita wewe?"

"Mimi."

"Unajua desturi. Hawa hawajachanga."

Bi Hermelinda alikuwa amefikiri usiku kucha atasema nini, na maneno yote mazuri yalikuwa yamempotea. Alimtazama tu mwenzake wa darasani, mwenye nusu ya chapati mkononi.

"Maliza hiyo unayotafuna, Leuterio," alisema. "Imeze. Halafu uniambie hawajachanga."

Mzee Eleuterio akaacha kutafuna. Akaitazama chapati. Alikuwa mtu wa maji maisha yake yote. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Mliosha na maji gani?" aliuliza polepole.

"Ya paa la Zenaida. Walikomba tangi lao mpaka chini."

Watu wakazitazama chapati mikononi mwao. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, kuna nini?" akanyamazishwa.

Mzee Eleuterio alimeza. Kisha alivaa kofia, akaivua tena, kana kwamba hakujua ni lipi kati ya mawili hayo ndilo heshima. Mwishowe aliinama mwenyewe, mgongo ukimlalamikia, akaliinua benchi alilokuwa amekalia, akalibeba mpaka penye kamba.

"Bi Zenaida, karibu," alisema. "Sogeeni, jamani! Sogeeni! Pana nafasi."

Watu wakasogea. Kwa kweli hapakuwa na nafasi, lakini watu wakibanana hupatikana. Mzee Eleuterio akampakulia Zenaida paja zima la bata mzinga, na Zenaida akamwambia, macho yakicheka, "Asante, mwenyekiti. Sisi sungura tunakula sana."

Hata mwenyekiti alicheka, ingawa kwanza alikuwa mwekundu kama pilipili.

*

Baada ya sikukuu mambo hayakugeuka ghafla. Maghorofa ya chini yaliendelea kunyonya, na kamati ilikaa kikao juu ya kikao. Bi Hermelinda hakujua watoto watakaokuja juu ya ghorofa ya Uriel watakunywa nini, na hakujifanya anajua. Lakini Jumapili iliyofuata Abundio na Nabor walipanda na mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa, wakazungushia paa lake pindo, na chini yake wakasimamisha mapipa. Uriel aliwasaidia. Chupa za soda walizitoa kwenye nondo mbili, wakafunga pale msalaba mdogo wa mbao, uliobaki na maua makavu.

"Hii ghorofa ya maji," Nabor alisema. "Ndiyo hutangulia."

Ndoo zote zilikuwa zimekwisha kurudi, kila moja na kitu ndani yake: maharage, mayai, kitambaa cha kutarizi. Ilibaki ya waridi. Hiyo Bi Hermelinda aliipeleka mwenyewe, magoti yakinung'unika njia nzima, imejaa chapati ndogo nene kama vifungo vya koti. Zenaida alizitoa chapati moja moja akizisifu kwa matusi, kisha akamrudishia ndoo mkononi. Ndani aliweka vipande vya mpungate vya kupanda.

"Kumbe haitakaa kwako!" alisema Bi Hermelinda.

"Wala kwako, mkwe. Tembea."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limefifia, ingawa jioni ilikuwa bado mbali. Alitoa vipande vya mpungate, akaiweka ndoo chini ya mdomo wa bomba jipya la paani, kwa majaribio tu. Yesenia alitoka na kitoto, akakaa kizingitini. Maricruz akaleta kahawa, na mkate juu ya kikombe.

Bi Hermelinda akavuta kigoda, akakaa akisikiliza. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha huko nyuma ya mlima, mbali sana, mbingu ikakohoa.